Aliyetega Apite Kwanza

Umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, jenereta za dizeli zikanyamaza, na ugomvi mmoja ukaongezeka majumbani. Zamani simu ikiisha chaji mchezo umekwisha, na mzazi hakuhitaji kufungua mdomo. Siku hizi chaji haikomi, kwa hiyo mzazi ndiye wa kukomesha. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu, tangu Murubona, Kasulu, hadi Kibondo mjini, amri ni moja: zima. Siidharau. Mtoto aliyekesha na simu hasikii kitu darasani kesho yake, na asiyeamka kwenda bombani amewaachia wengine ndoo zake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Tangu Januari 2022 orodha ya kimataifa ya magonjwa inautambua uraibu wa gemu. Anayesema zima ana hoja.

Lakini amri hiyo inamhusu mtoto anayecheza. Yupo mwingine ambaye watu wazima wengi hawajamzoea, naye ni mtoto aliyetengeneza. Huyu anakuja na laptopu ya shangazi yake, anaiweka mezani penye mwanga, anasema, "Mjomba, jaribu." Kilichomo ni leveli ya gemu la kuruka: paka anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kuna vibao vya kukanyaga, mashimo, miiba, adui wawili watatu, na bendera mwishoni. Ameipanga mwenyewe, kibao kwa kibao, katika likizo ya Juni, na sasa anaomba ipimwe. Ukimwambia azime, hujamjibu. Ukimwambia hongera bila kuigusa, hujamjibu pia, ila umemdanganya kwa upole.

Naamini kuicheza kazi hiyo mpaka mwisho na kumweleza mtoto kweli yake ni wajibu wa malezi, hata kwa mzazi asiyependa magemu. Na kupima kuna ufundi, ambao haufanani sana na ule wa kusahihisha daftari, kwa sababu daftari lina majibu nyuma ya kitabu.

Kwanza chombo chenyewe. Mtoto huyo, mpwa wangu, alitumia Scratch, programu ya bure iliyotoka mwaka 2007 kwenye kikundi cha Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, Marekani. Ina Kiswahili ndani yake, na ikishawekwa kwenye kompyuta haili bando. Mtoto haandiki msimbo. Anapachika vipande vya amri vyenye rangi, kimoja chini ya kingine, mpaka paka atii. Mizizi ya wazo hilo inarudi Afrika, kwa Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, aliyeshiriki kuunda lugha ya Logo mwaka 1967. Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye aiamuru kompyuta, si kompyuta imwamuru yeye. Watoto wenye simu tu huweza kujenga katika Geometry Dash, gemu la Msweden Robert Topala lililotoka mwaka 2013. Humo mchemraba unakwenda wenyewe, mchezaji hugusa skrini ili uruke, na kosa moja linakurudisha mwanzo.

Geometry Dash ina sharti ambalo ningelibandika ukutani kwa wazazi wote. Huwezi kuwapelekea wengine leveli uliyojenga mpaka wewe mwenyewe uivuke, tangu mwanzo hadi mwisho. Super Mario Maker ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2015, ilikuwa na sharti hilohilo. Nami nalipenda kwa sababu nililijua kabla sijaona kompyuta. Katika vitendawili, anayesema "Kitendawili!" na kuambiwa "Tega!" anaingia kwenye deni. Wasikilizaji wanahangaika, wanakosea, wanachekwa, mwishowe wanampa mji. Naye akishaupokea na kujisifu nao, lazima atoe jibu, na jibu liwe ambalo kila aliyekaa pale analiona lilikuwa limefichwa ndani ya maneno yenyewe. Akitoa jibu lisilokaa, anazomewa na mji anapokonywa. Watoto walijifunza hilo usiku, bila hotuba: hutegi watu mahali ambapo wewe mwenyewe hujui kutoka.

Scratch haina sharti la namna hiyo. Inakuruhusu kujenga ukuta mrefu kuliko mruko wa paka na kuuita leveli. Sharti ilibidi liletwe na mtu mzima. Nilimwambia, "Pita wewe kwanza, nikuone." Akapita mara moja, haraka, karibu bila kutazama. Kisha nikakaa mimi.

Nilikufa kwenye kibao cha tatu. Kilikuwa kibao kama vile viwili vya kwanza, rangi ileile, upana uleule. Nilipokanyaga, mwiba ukachomoza chini yangu. Mpwa wangu akacheka mpaka akashika tumbo.

Kicheko kile kilinifikirisha sana, kwa sababu hapo ndipo kazi ya kupima inapoanza. Kipimo cha kwanza ni hiki: kuna ugumu, na kuna kuvizia. Shimo pana likiwa mbele yangu nami nikaliona, nikipima vibaya na kuanguka nalaumu vidole vyangu, na moyoni nataka kurudia. Mwiba usio na dalili hauniachii cha kujilaumu. Hakuna nilichoweza kufanya ila kufa mara moja ili nijue. Nilimwuliza kwa nini ameuweka. Akajibu kwa utulivu wa mtu mwenye hoja: "Ukifa mara moja, mara ya pili utajua."

Sentensi hiyo nimeisikia kwa watu wazima, na hawakuwa wakizungumzia gemu. Sheria za nyumba zetu nyingi mtoto huzijua kwa fimbo kwanza. Hakuambiwa kwamba chungu kile hakiguswi, kwamba mgeni yule hasemeshwi, kwamba njia ile jioni haipitwi. Alikanyaga, mwiba ukatoka, sasa anajua. Tunaita hiyo adabu. Sidai kwamba mpwa wangu alijenga mwiba wake kutokana na jinsi alivyolelewa. Magemu yenye mitego ya siri yako mengi na watoto wanaigana. Nasema tu kwamba mtu mzima anayelalamikia mwiba ule mbele ya mtoto awe tayari kusikia swali linalofuata.

Mfano bora ninaoujua wa kufundisha bila kuvizia ni wa mwaka 1985, leveli ya kwanza kabisa ya Super Mario Bros., iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Skrini inafunguka, Mario yuko upande wa kushoto na kulia kwake kuko wazi, hivyo unajua pa kwenda bila maandishi. Adui wa kwanza anakuja taratibu, peke yake, unamwona akiwa mbali. Karibu na mwisho kuna ngazi mbili zinazotazamana, katikati yake pana ardhi tupu. Ukikosea kuruka unaangukia ardhini, unapanda tena, hujapoteza kitu. Hatua chache mbele zipo ngazi mbili nyingine za umbo lilelile, ila katikati yake safari hii ni shimo. Anayefika hapo miguu yake imeshajifunza. Wabunifu hawakumwondolea hatari. Walimpa pa kuangukia kwanza.

Nilimwonyesha mpwa wangu jambo hilo kwa kulichora kwenye karatasi, maana gemu lenyewe hatukuwa nalo. Alitazama ngazi zile kwa muda, akasema, "Kwa hiyo wanakufundisha halafu wanakupima." Sikuongeza neno.

Kipimo cha pili ni gharama ya kuanguka. Kila nilipokufa alinirudisha mwanzo, nikatambaa upya sehemu nyepesi nilizokwisha kuzishinda ili nifike tena kwenye ile moja iliyonishinda. Geometry Dash nayo inarudisha mwanzo, lakini leveli zake nyingi ni za dakika moja au mbili, tena ina namna ya mazoezi ambamo unajiwekea vituo njiani. Adhabu inatakiwa ilingane na kosa. Kumrudisha mtu mwanzo kabisa kwa kidole kilichochelewa hakumfundishi kuruka, kunamchosha tu, na aliyechoka huzima. Hili mpwa wangu alilielewa upesi kuliko la mwiba, nadhani kwa sababu amewahi kuamriwa kunakili insha nzima kwa kosa la mstari mmoja.

La tatu ndilo gumu zaidi kwa mtengenezaji, na mzazi ndiye wa kulisimamia. Aliyejenga leveli amekwisha kuwa kipofu wa leveli yake. Anajua mwiba uko wapi, kwa hiyo hauoni tena kuwa mtego. Ndiyo maana sharti la kupita mwenyewe, pamoja na uzuri wake wote, halitoshi: linathibitisha kwamba njia ipo, halithibitishi kwamba inaonekana. Lazima acheze mtu mwingine, na wakati anacheza, aliyejenga akae kimya.

Kukaa kimya kulimshinda. "Mjomba siyo hapo! Ruka sasa! Sasa!" Nikaweka laptopu pembeni, nikamwambia kwamba mtu wa Kibondo akicheza leveli hii, yeye atakuwa Kasulu, hatakuwepo kumpigia kelele sikioni. Kila atakachotaka kumwambia akiweke ndani ya leveli. Akakalia mikono yake. Na baada ya kunyamaza akaanza kuona. Aliniona nikisimama muda mrefu mahali ambapo yeye aliona hapana shida yoyote, kwa sababu kibao cha kijani kilikuwa juu ya majani ya kijani nami sikujua kuwa kinakanyagika. Akaniona nikivuka kwa ulaini sehemu aliyoipanga siku nyingi iwe ndiyo ya kutisha. Ugumu alioukusudia haukufika, na ugumu ambao hakuukusudia ulinisimamisha. Mtoto wa miaka 12 kuligundua hilo kwa macho yake, bila kuambiwa, ni elimu ambayo nisingeweza kumpa kwa maneno.

Namna ya kutoa hukumu nayo ina adabu zake. Nilimweleza kilichonipata, si kile anachopaswa kufanya: hapa sikujua kwamba pana kibao, hapa nilikasirika, hapa nilitaka kurudia. Kurekebisha ni kwake. Watu wazima tuna tabia ya kunyang'anya kipanya tukisema "ngoja nikuonyeshe," na kazi ya mtoto inageuka kuwa yetu, mbovu vilevile. Wala sikumtajia mtoto wa jirani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unataja mchezo katika ibara ya 12. Watu huishia hapo. Ibara ya 31 ya mkataba huohuo inamwekea mtoto wajibu pia, ikiwamo kuitumikia jamii kwa nguvu zake na akili zake. Leveli yenye kibao kinachoonekana ni utumishi mdogo sana, lakini ni utumishi kwa mtu asiyemjua.

Liko jambo jingine ambalo si la ufundi.

Adui wa mwisho, kabla ya bendera, alikuwa mwanamke mzee mwenye kitenge, mgongo umepinda, macho mekundu. Ili kupita ilikupasa kumrukia kichwani. Nikasimamisha mchezo, nikauliza huyu ni nani. "Mchawi." Umejuaje? "Macho." Katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamekuwa miongoni mwa yaliyoitwa ushahidi. Yanayoyafanya mekundu yanajulikana: miaka mingi ya kupuliza kuni mbichi katika jiko lisilo na pa kutolea moshi. Mama yangu mwenyewe, bibi yake huyu mtoto, ana macho hayohayo, na wakati tunazungumza alikuwa uani akichambua maharage.

Ningeweza kumwambia amfute. Nilimwambia aende akamwulize bibi yake macho yake yamekuwaje. Alikwenda, akakaa huko muda, aliporudi hakusema aliambiwa nini wala sikumwuliza. Jioni adui wa mwisho alikuwa mamba. Wa Malagarasi, alisema, na akamchora mkubwa kupita kiasi kwa skrini ile. Nawajua wenzangu watakaosema ni mchezo tu, mtoto hakumaanisha kitu. Nakubali hakumaanisha. Ndiyo sababu ya kukaa naye kabla hajamaanisha. Anayepima leveli ya mtoto kwa mashimo na vibao peke yake, asitazame ni nani aliyewekwa pale ili akanyagwe, amepima nusu.

Wako waliokwenda mbali kwa njia hii. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alitengeneza gemu aliloliita Salaam. Mchezaji anamwongoza mtu anayetoroka vita, anakwepa hatari, anatafuta maji na chakula ili asikwame njiani. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu akapata dola 300 za kumnunulia laptopu, na kijana akawa akitembea saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Mwaka 2018 tuzo za kimataifa za magemu zilimtambua huko Marekani. Simtaji ili kila mzazi aote tuzo. Namtaja kwa sababu wilaya hizi mbili zimekuwa na kambi: Nyarugusu iliyoko Kasulu iliwapokea Wakongo tangu mwaka 1996, na Nduta iliyoko Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Watoto wa vijiji na watoto wa kambi walikuwa wakikutana sokoni. Mtoto anayechora mtu anayekimbia, katika wilaya hizi, huenda anachora mtu anayemfahamu, na anayepima anapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kusema kwamba mkimbiaji ni rahisi mno au ni mgumu mno.

Mpwa wangu aliporekebisha alitaka nicheze tena. Nikakataa, kwa sababu mimi nami nilikuwa nimeshaanza kuwa kipofu. Nilijua mwiba ulipokuwa. Alihitajika mtu mpya. Dada yake alikuwa jikoni. Tangu asubuhi alikuwa amechota maji, amepika, ameosha vyombo, na muda wote huo mdogo wake na mimi tulikuwa mezani tukijadili haki. Nikamwita. Akafuta mikono kwenye kanga, akasimama nyuma ya kiti, akauliza vitufe viwili tu: cha kwenda na cha kuruka.

Hakufa kwenye kibao cha tatu, hakukikanyaga. Aliruka akagonga dari, akagundua kwamba juu ya dari kuna pa kukanyaga, akapanda huko, akakimbia juu ya leveli nzima, juu ya mashimo, juu ya miiba, juu ya mamba wa Malagarasi, akashukia kwenye bendera. Mdogo wake akapiga kelele kwamba siyo hivyo, amedanganya. "Sijadanganya," akasema. "Umeniachia njia mwenyewe."

Ulikuwa upimaji bora kuliko wangu, na kijana alilijua hilo kabla yangu, maana alikwisha kuanza kuchora ukuta juu ya dari. Dada mtu akauliza kama na yeye anaweza kutengeneza yake. Laptopu ni moja, na likizo ilikuwa inaisha. Tulizungumza na mama yao kwa simu usiku ule tukapanga upya zamu za bombani na za vyombo: asubuhi maji ni ya kijana, mchana vyombo ni vya kijana, na kuanzia saa kumi hadi giza laptopu ni ya dada yake. Kijana alisema zamu hizo ni ngumu. Nikamwuliza kama anaziona au zinamvizia. Akafikiri, akasema anaziona.